Jani Lisilokataliwa

Dodoma
17 Julai 2022

Kwa dada yangu mpendwa Aikande,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya kama inavyoniacha mimi. Huku sote hatujambo, hofu ni kwako tu uliye peke yako huko nyumbani. Joyness anakusalimu sana. Elinipendo anakua, sasa ana miaka mitatu na anakula ugali kama mwanamume aliyetoka kulima. Kazi za ofisini zipo, na vumbi la Dodoma nalo lipo.

Dada, nimelazimika kuandika kwa sababu simu yako haipatikani tangu tulipomzika Mama mwezi wa tano. Baba mdogo Ndelilio ananipigia mimi kuliko hata bosi wangu. Anasema watu wa jumuiya walikuja kukupa pole, wakiongozwa na jirani yetu Mektrida, ukawaacha wamekaa ukaenda kukata majani ya ng'ombe. Hayo si mapya, mimi nimekuzoea. Lakini yale ya siku ya mazishi yamewauma watu. Ukoo mzima umesimama, mama yako mzazi anashushwa kaburini, watu wanalia, wewe umeziba masikio, halafu unageuka unakwenda zizini kukamua. Hukutoa hata chozi. Nilisimama pale na koleo mkononi nikitamani ardhi inimeze pamoja naye.

Sisemi haya ili nikuumize. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nyumba ile ni kubwa kwa mtu mmoja. Nimefikiria tuifanyie matengenezo, nawe ukakae kwa Shangazi Yuditha kule Sanya Juu upate watu wa kuongea nao. Kidole kimoja hakivunji chawa, dada.

Niandikie hata mistari miwili. Mektrida akishusha ndizi sokoni Moshi ataikabidhi barua yako kwa watu wa basi.

Mdogo wako,
Amon


Old Moshi
9 Agosti 2022

Mdogo wangu Amon,

Marahaba. Mama alinifundisha kwamba barua huanza na salamu, kwa hiyo msalimu Joyness na umsalimu Elinipendo. Ng'ombe anakula. Zamu yetu ya mfereji ilifika na migomba ya upande wa chini imepata maji. Baba mdogo anakohoa, lakini pombe ya mbege inapita kooni bila shida.

Umeuliza kama ni mzima wa afya. Silali, na chakula kinachonishuka ni kiburu tu, ndizi na maharage, tena kikishapoa. Kwa hiyo siwezi kuandika sijambo. Umesema pia hofu ni kwangu. Hofu gani? Hukuiandika.

Simu nimeizima nikaiweka ndani ya kopo la unga. Sauti ya simu inakuja haina uso, inauliza swali la pili kabla sijalifikiria la kwanza, halafu inaita haloo, haloo, kana kwamba nimekufa. Barua inanisubiri. Naisoma, naenda kukata majani, nikirudi naikuta palepale na haijanikasirikia.

Mektrida na wenzake walisema wamekuja kunipa pole. Wakanipa, nikasema asante. Halafu hawakuondoka, wakaanza kuzungumzia harusi ya binti wa mchungaji. Nikajua pole imekwisha. Ng'ombe alikuwa hajala. Kama pole ina sehemu ya pili, mtu angeniambia.

Sasa ya kaburini, na sitayaandika tena. Vilio vile kwako vilikuwa huzuni. Kwangu vilikuwa kelele, na ziliingia zote kwa pamoja: vilio, spika ya kwaya, koleo likigonga mawe, manukato na jasho la watu, na mikono. Kila mtu alitaka kunishika. Kwa sababu yao sikuweza kumwona Mama. Nikaenda zizini kwa kuwa huko ndiko alikokuwa. Jioni zote za maisha yangu nimekamua naye akiwa amekaa kwenye kigoda chake, ameshika mkia. Siku ile nilikamua peke yangu na mkia ukanichapa usoni.

Na kuhusu chozi: nililia mwezi wa tatu, siku daktari alipotuambia hakuna dawa. Nililia siku hiyo kwa sababu ndiyo siku niliyojua kwamba anakufa. Ninyi mlingoja mpaka kaburini. Sijui mlikuwa mnangoja nini.

Methali ya chawa naijua maana yake, usinifanye mjinga. Lakini mimi sina chawa wa kuvunja. Nataka kukaa kwetu.

Na matengenezo gani? Nyumba haivuji. Dari tuliipanga upya mimi na Mama mwezi wa pili kabla hajalala kitandani, magunia mapya, na ndani yake majani makavu ya migomba, mapya pia, yameenea kote chini ya bati. Dari isiguswe. Sababu unaijua.

Dada yako,
Aikande


Dodoma
20 Septemba 2022

Dada Aikande,

Shikamoo. Huku hatujambo. Joyness alikuwa na homa, sasa amepata nafuu. Elinipendo naye hajambo.

Dada, mtu akikuuliza hujambo unajibu sijambo, ndipo mazungumzo yaanze. Hata mgonjwa aliye mahututi hujibu sijambo. Hatuulizi ili tujue, tunauliza kama mtu anavyobisha hodi. Watoto wadogo wanalijua hili.

Barua yako nilimsomea Joyness. Sitaki tubishane juu ya msiba.

Niseme wazi basi, kwa kuwa wewe unapenda mambo ya wazi. Kuna bwana mmoja wa Moshi mjini anayeleta watalii huko juu, wanatembea hadi kwenye maporomoko na kuonja kahawa. Ameiona nyumba na ameipenda. Anataka dari nyeupe, vyoo vya ndani na nafasi ya magari. Nimekubaliana naye. Yale magunia yatatolewa, panya wanazaliana humo, na mgeni akiona takataka kama ile ataandika mabaya mtandaoni. Desturi yetu unaijua: nyumba ya mama ni ya mtoto wa mwisho wa kiume. Sikuitunga mimi. Baba mdogo ameafiki.

Usifikiri nakufukuza. Nakuhurumia. Kila nikifunga macho nakuona umekaa peke yako jikoni, huna wa kukuuliza umekula nini, na roho inaniuma kweli. Kwa Shangazi kuna watu, kuna soko, kuna uhai. Utachangamka, dada, utaona.

Mdogo wako,
Amon


Old Moshi
14 Oktoba 2022

Amon,

Marahaba. Poleni na homa. Baba mdogo bado anakohoa. Ng'ombe amepandishwa.

Unasema ukifunga macho unaniona jikoni peke yangu na roho inakuuma. Basi usiyafunge. Mimi ninayekaa humo jikoni siumwi na chochote. Namsikia ng'ombe akicheua nyuma ya ukuta. Nasikia maji ya mfereji, na kuni mbichi inavyolia kabla haijashika moto. Hapo kichwa changu kinatulia na nafikiri kama mtu. Nikiwa katikati ya watu ndipo ninapokuwa peke yangu, kwa sababu wote wanaimba wimbo mmoja na mimi sikupewa kitabu. Kila mara nikidhani nimeushika, wamehamia ubeti mwingine, wanaugeukia uso wangu na kushangaa. Huo ndio uhai unaotaka kunipa. Unasikia baridi wewe, unamfunika blanketi mwenye homa.

Mtoto wa mwisho wa kiume unayemtaja nilimbeba mgongoni. Alikuwa analia sana. Sauti yake ilikuwa inanichoma masikio kama pilipili, na sikumweka chini, kwa sababu Mama alikuwa shambani na hapakuwa na mwingine. Hiyo desturi yenu haikuliona hilo.

Nina swali moja. Mwaka jana uliniandikia kila neno jipya la Elinipendo, hata alipomwita mbuzi "baba". Mwezi wa saba uliniambia anakula. Safari hii umeandika hajambo, basi, kama mtu anayefunga mlango. Mtoto ana nini?

Mimi siondoki. Nimeliandika kwa herufi kubwa ili na Joyness alisome: SIKUBALI.

Aikande


Dodoma
18 Novemba 2022

Dada yangu,

Shikamoo. Sote wazima.

Nimekaa na barua yako mfukoni nikaenda nayo kazini na kanisani. Nimekosa, dada. Ulinibeba, nami nimekuandikia kama karani wa halmashauri.

Humo ndani ya bahasha kuna jani la isale. Kuna mzee wa Marangu anaishi jirani na sisi huku, amepanda isale uani kwake ili asisahau kwao. Nilimwomba jani moja. Nimelifunga fundo kama Mama alivyotuonyesha tulipokuwa tukigombana, mkosaji analeta kwa mikono miwili na aliyekosewa anapokea. Limekuja kwa basi, huenda limenyauka, lakini isale ni isale. Nisamehe. Usiniwekee kinyongo kwa haya mambo ya nyumba.

Krismasi tutapanda mlimani kama kila mwaka. Tutakaa mbele ya Baba mdogo tuyamalize vizuri. Elinipendo atabaki na bibi yake wa huku, safari ni ndefu kwake.

Mdogo wako,
Amon


Old Moshi
5 Desemba 2022

Mdogo wangu Amon,

Marahaba. Jani limefika. Limekauka nchani, lakini fundo lipo imara.

Mama alisema jani la isale halikataliwi, hata kosa liwe kubwa namna gani. Aliyelileta ameacha kosa lake, na anayelipokea anaacha hasira yake. Mimi nimelipokea. Nimelichomeka ukutani juu ya kigoda cha Mama. Yamekwisha.

Siku lilipofika nililala kama mawe ya mtoni. Asubuhi nikala uji, nikaongeza. Kwa hiyo leo naandika sijambo, na ni kweli.

Nimepaka chokaa kuta za mbele. Mbuzi wa Krismasi nimemtenga, kidari kitakwenda kwa Baba mdogo kama inavyopasa, asije akanuna mpaka Pasaka. Ninaivisha ndizi za mbege. Joyness nitampikia machalari ya ndizi na nyama, najua anayapenda ingawa mwaka ule alisema ameshiba.

Mleteni na mtoto. Chumba cha nyuma ni kimya hata mvua ikinyesha. Atalala humo.

Dada yako,
Aikande


Dodoma
2 Januari 2023

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Tulifika salama. Joyness bado anayasifia machalari yako.

Dada, sina maneno. Siku ile ya kikao, Baba mdogo alipokuuliza mbele ya ukoo wote, "Aikande, wewe na ndugu yako mmeelewana?" nawe ukasimama ukasema, "Amon ameleta isale, nimelipokea, yamekwisha," nilitokwa na machozi. Uliona jinsi watu walivyopiga makofi. Shangazi Yuditha alilia kabisa. Baba mdogo aliniambia pembeni kwamba kumbe una moyo mkubwa kuliko sisi sote. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nawe ukatupikia.

Lori litakuja Jumamosi hii. Fungasha unavyovipenda, vingine Baba mdogo atavitunza. Ng'ombe pia atahamia kwake. Fundi anaanza kazi Jumatatu. Shangazi amekuandalia chumba na amefurahi sana.

Mungu akubariki kwa kukubali.

Amon


Sanya Juu
12 Februari 2023

Amon,

Marahaba. Shangazi Yuditha anakusalimu. Soko la huku ni kubwa, na kabichi zimestawi.

Barua yako ya Januari ilikawia njiani. Ilifika Old Moshi nikiwa nimeshaondoka, na Mektrida ameniletea huku juzi. Lori lilinikuta nakamua. Dereva akasema, "Mama, tumekuja kubeba vyombo." Nikamwambia amekosea nyumba. Akampigia simu Baba mdogo. Baba mdogo akaja akaniuliza, "Aikande mbe, mwanangu, unaniaibishaje hivi? Si ulikubali mwenyewe mbele ya watu?"

Nilikubali nini, Amon? Uliniletea isale. Mtu huleta isale akishaliacha kosa. Wewe uliniletea kwa kosa ambalo ulikuwa bado hujalitenda, ukaniomba nikusamehe mapema ili ulitende kwa raha. Tangu mlima huu uwepo, nani amewahi kuleta isale kisha akaleta lori?

Mlipopiga makofi nilidhani mnafurahi kwa sababu nimebaki nyumbani. Nilifurahi pamoja nanyi. Niliwaongezea nyama.

Mimi ndiye mnayesema siwaelewi watu. Kikao kile kilijaa watu wanaoelewa watu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimekubali nini.

Chumba changu huku kimepakana na mashine ya kusaga. Shangazi anasema nitaizoea, yeye haisikii tena. Mimi naisikia kwenye meno. Wakiizima inaendelea kunguruma ndani yangu mpaka wanapoiwasha tena. Wageni wa Shangazi hawakauki, na kila anayeingia ananishika shavu akisema changamka. Nimerudia kugonga kichwa ukutani, ile tabia ya utotoni ambayo Mama aliniachisha. Shangazi aliogopa akaita waombaji. Wakanizunguka, wakaniwekea mikono kichwani wote, wakapaza sauti wote. Nilipopiga kelele wakasema linatoka.

Ng'ombe wa Mama sijui anakamuliwa na nani.

Usiniandikie.

Aikande


Dodoma
24 Aprili 2023

Dada Aikande,

Shikamoo. Uliniambia nisikuandikie. Naandika. Sitakuuliza hali, kwa sababu uliniambia na sikufanya kitu.

Elinipendo hasemi. Maneno yake yalianza kupotea mwaka jana, moja moja, mpaka yakaisha. Daktari wa huku amemchunguza akasema ni usonji. Akatueleza kwamba watu wa namna yake husikia na kuona na kugusa tofauti na sisi, na kwamba wamo watu wazima wengi ambao hakuna aliyewahi kuwaambia. Alipokuwa akieleza, Joyness alinitazama, nami nikatazama chini. Krismasi hatukuja naye. Usiniulize kwa nini.

Pasaka tulimpeleka nyumbani. Mafundi wamemaliza, dari ni nyeupe, ubao mwembamba mzuri, wageni wanaanza kuja mwezi wa sita. Tukamlaza chumba cha nyuma. Mvua ikashuka. Dada, mtoto alipiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwa kiumbe. Aliingia chini ya kitanda akajiziba masikio akawa anajigonga sakafuni. Joyness akamkumbatia, akazidi. Nikambeba nikatoka naye nje, kwenye mvua yenyewe, akanyamaza. Akanikimbia akaingia kwenye zizi tupu, akakaa humo kwenye nyasi mpaka mvua ikakatika. Nami nilisimama mlangoni nimelowa, nikakukumbuka siku ya kaburi.

Baba mdogo anasema nyumba ina kitu, kwamba Mama hakuridhika. Nyumba ile ina nini, dada? Tumekulia humo, masika zote, na sijawahi kukuona ukilia hivyo hata mara moja. Niambie. Sijui nimfanyie nini mtoto wangu.

Nitakuja Sanya Juu mwenyewe na jani la isale bichi, kwa mikono miwili.

Amon


Sanya Juu
15 Mei 2023

Mdogo wangu Amon,

Marahaba. Msalimu Joyness. Shangazi Yuditha amebanwa na mafua. Mvua huku inanyesha kila siku, na matope ya sokoni yanaingia mpaka ndani.

Nyumba haina kitu. Ilikuwa nacho, mkakitoa.

Mvua ikipiga bati tupu, wewe unasikia mvua na usingizi unakuwa mtamu. Mimi nasikia mawe yakimwagwa ndani ya fuvu, na kila jiwe nalisikia peke yake. Nilipokuwa na umri wa Elinipendo nilikuwa naingia chini ya kitanda hichohicho. Baba alisema nina shetani. Mama hakusema neno. Alikwenda migombani, akajaza majani makavu kwenye magunia, akayapanga juu ya fito chini ya bati. Mvua iliponyesha akanitazama mimi, hakulitazama bati. Akaongeza magunia. Akanitazama tena. Aliendelea hivyo mpaka nikatoka chini ya kitanda. Kila kiangazi aliyabadilisha, na nilipopata nguvu tukawa tunayabadilisha wawili. Hukuniona nikilia kwa sababu yeye alishamaliza kazi kabla hujazaliwa. Ulilala chini ya dari ile utoto wako wote ukaiita takataka.

Nilikuandikia kwamba sababu unaijua. Nilidhani unaijua. Nilidhani masikio yako ni kama yangu, ila wewe una moyo mgumu zaidi. Nawe ulidhani yangu ni kama yako, ila mimi ni mkaidi. Tumeishi hivyo nyumba moja.

Sasa nisikilize juu ya mtoto, kwa sababu yeye hajanikosea. Usimshike ghafla, na usimpapase. Akikujia mwenyewe mbane kwa nguvu, na uache anapoacha. Asilazimishwe kukutazama machoni. Mimi nikimtazama mtu machoni siyasikii maneno yake, yanamwagika. Ukimwambia kesho, iwe kesho. Akila kitu kimoja mwezi mzima mpikie hichohicho, wala msimwite mdekaji. Anapozungusha vidole au kuyumba, anajishikilia asianguke, mwacheni. Na kama maneno yake hayatarudi, msikae mnayalilia mbele yake. Ana masikio. Ndiyo shida yake.

Hilo jina la usonji nimelisoma mara nyingi. Mimi niliitwa kiburi, ukaidi, shetani, na siku ya mazishi nikaitwa mchawi, usifikiri sikusikia. Yeye amepata jina lisilo tusi. Mshukuruni daktari.

Dari ipangeni upya. Tumieni magunia ya katani, ya plastiki yanalia yenyewe. Majani yawe yamekaukia mgombani, yaliyokatwa mabichi yanaoza. Ningekwambia uyachukue hapohapo nyumbani, lakini Mektrida amenieleza kwamba migomba ya mbele yote mmeikata ili magari yapate pa kugeuzia. Kaombe kwa majirani. Huyo bwana wa watalii akisema wageni watachukia, hapo utachagua, kama ulivyowahi kuchagua.

Kwa nini hamkuja naye Krismasi sitauliza. Najua. Ulitaka kuniondoa mlimani kabla watu hawajatuona tumesimama pamoja, mimi naye, wakalinganisha. Ulimwondoa mtu pekee wa ukoo huu ambaye angemwelewa bila kuambiwa, ukavunja na chumba pekee ambacho angelala.

Usije na isale. Ukilileta sitaweza kulikataa, ndivyo nilivyofundishwa, na nikilipokea nitalazimika kuacha hasira. Hasira ndiyo kitu pekee nilichohama nacho. Kigoda cha Mama hakikuenea kwenye lori.

Shangazi anasema nimeanza kubadilika. Wageni wakiingia nawatolea mkono, nawaacha wanishike shavu, wakiuliza najibu upesi nao wanapita. Hawagongi tena mlango wa chumba changu. Kumbe ni rahisi, unafanya kama uliyekufa, nao wanasema umechangamka.

Safari hii umeandika wazi kwamba hutaniuliza hujambo. Ni mara ya kwanza, nami nimeona. Lakini umechelewa, jibu lake nimeshalijua.

Sijambo.

Dada yako,
Aikande